Sura ya 7: Umbali Ni Muda

Mpiga piano husoma huku mikono yake ikiwa kazini. Msomaji wa gazeti akikwama kwenye neno hurudi nyuma, akalisoma upya, na hakuna kilichoharibika. Mpiga piano hana nafasi hiyo. Vidole viko kwenye nota za sasa, macho yametangulia kwenye nota zijazo, na mpigo haumsubiri. Macho yakibabaika kwa nusu sekunde tu, mkono hubabaika nayo, na ukumbi mzima husikia.

Mzigo wa macho yake nao ni mzito. Mwimbaji hufuata sauti moja. Mpiga filimbi hufuata safu moja ya mistari mitano. Mpiga piano hufuata safu mbili kwa wakati mmoja, ya mkono wa kulia juu na ya mkono wa kushoto chini, na ndani ya kila safu huenda zimo sauti mbili au tatu, kila moja na mwendo wake. Juu ya hayo kuna namba za vidole, alama za pedali, maelekezo ya nguvu na mwendo, na pinde zinazoonyesha wapi pa kuunganisha na wapi pa kuvuta pumzi. Vyote hivyo hugombania karatasi moja.

Leo mtu mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuandika muziki wa piano asubuhi na kuuchapa jioni. Programu kama MuseScore na LilyPond hazilipiwi hata senti. Nota zitatoka sahihi, na watu wengi huishia hapo. Lakini ukurasa unaweza kuwa na kila nota mahali pake, bila kosa la sauti wala la muda, na bado ukamchosha mpigaji kabla hajafika chini. Sura hii inahusu kazi inayobaki baada ya nota kuwa sahihi: kuupa ukurasa wa kompyuta umbo linalosomeka. Kanuni yake kuu naiweka mezani mapema. Katika muziki ulioandikwa, umbali ni muda. Jicho huona nafasi kati ya nota na nota hata kabla halijatambua ni nota gani, na mkono hufuata lilichokiona. Kila uamuzi kuhusu ukurasa, kuanzia ukubwa wa karatasi hadi unene wa mstari, ama huilinda kanuni hiyo ama huivuruga.

Nyundo za Leipzig

Kabla ya kompyuta, muziki mzuri wa Ulaya ulichapwa kutokana na bamba za chuma zilizochongwa kwa mkono. Mji uliosifika kuliko yote kwa kazi hiyo ulikuwa Leipzig, Ujerumani, makao ya Breitkopf & Härtel, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1719, na ya C. F. Peters. Fundi alipewa bamba laini la mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Kwanza aliupima ukurasa mzima kwa bikari na kuweka alama ndogo: kipimo hiki kitaishia hapa, nota ile itakaa pale. Kisha akavuta mistari mitano kwa mara moja kwa chombo chenye meno matano. Vichwa vya nota, funguo na shapu aliviweka kwa mihuri ya chuma iliyogongwa kwa nyundo. Vijiti, pinde na fito zinazounganisha nota fupi alizichonga kwa kisu cha ncha kali. Yote hayo aliyafanya kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigandamizwa juu ya bamba nota zitoke zikiwa zimekaa sawa. Akikosea, aligeuza bamba, akaligonga kwa nyuma hadi shimo lijae, akachonga upya.

Linalotuhusu zaidi hapa ni ule upimaji wa mwanzo. Fundi hakuthubutu kugonga nota ya kwanza kabla hajajua ya mwisho itakaa wapi. Ilimbidi auone ukurasa wote kichwani: jozi ngapi za safu, vipimo vingapi kwa kila jozi, mpigaji atageuza ukurasa wapi. Alijua kwamba nota ya nusu haifai kupewa nafasi maradufu ya nota ya robo ingawa muda wake ni maradufu, kwa kuwa ukurasa ungejaa matobo meupe. Aliipa takriban mara moja na nusu. Jicho bado liliona kwamba hii ni ndefu kuliko ile, na ukurasa ukabaki na uzito unaolingana. Alijua pia kwamba vijiti viwili jirani vikielekea pande tofauti, kimoja juu na kingine chini, jicho hudanganyika kuhusu umbali wa vichwa vyake. Basi alisogeza kidogo mno, hadi nota zikaonekana ziko sawa hata kama rula ilikataa. Ujuzi huo haukupatikana kwa kusoma tu. Ulidai miaka mingi ya kukaa kando ya fundi mkubwa.

Mabomu ya tarehe 4 Desemba 1943 yaliteketeza mtaa wa wachapaji wa Leipzig, lakini ufundi wenyewe uliendelea kwingine. Kampuni ya Henle, iliyoanzishwa na Günter Henle mwaka 1948, iliendelea kuchonga bamba kwa mkono hadi mwishoni mwa karne ya 20, na vitabu vyake vya jalada la buluu bado ndivyo wapiga piano wengi huvichukulia kuwa mfano wa ukurasa unaosomeka. Ukichukua kimoja, kitazame kwanza bila kupiga. Rangi ya wino imetawanyika sawasawa kutoka juu hadi chini. Hakuna mahali palipobanwa, hakuna mahali palipoachwa ukiwa.

Kompyuta inajifunza kuandika

Piano ilikuwapo tangu hatua za kwanza za kompyuta katika kazi hii. Mwaka 1971 Leland Smith, mtunzi na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani, alitoa bagateli zake sita za piano zilizochorwa kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Programu hiyo ilikua hadi kuwa SCORE, chombo kilichotegemewa na wachapaji wakubwa kwa miaka mingi. Mwaka 1986 Adobe ilitoa Sonata, fonti ya alama za muziki iliyochorwa na Cleo Huggins. Finale ikafuata mwaka 1988, na Sibelius ya ndugu mapacha Ben na Jonathan Finn wa Uingereza mwaka 1993. Uandishi wa nota ukatoka kwenye karakana ukaingia kwenye meza ya mtunzi, ya mwalimu wa shule na ya kiongozi wa kwaya.

Pamoja na neema hiyo likaja tatizo. Mwaka 1996 Waholanzi wawili, Han-Wen Nienhuys na Jan Nieuwenhuizen, walianza kuunda LilyPond kwa sababu kurasa za kompyuta walizokuwa wakizisoma ziliwachosha. Baadaye walieleza sababu zao kwa kuweka kando kwa kando matoleo mawili ya muziki wa Bach wa seloo pekee: moja la kampuni ya Bärenreiter lililochongwa kwa mkono mwaka 1950, jingine la Henle la kompyuta la mwaka 2000. Nota ni zilezile. Lakini katika toleo la kompyuta mistari ni myembamba na alama ni kavu, na vipimo vimepangwa kwa ulinganifu mkali hivi kwamba mistari ya kutenganisha vipimo huangukiana kutoka safu hadi safu. Mwanamuziki anayeinua macho kisha akayarudisha hapati alama ya kumwambia alikuwa wapi. Toleo la mkono lina mistari minene zaidi, vichwa vya nota vilivyojaa, na kila safu ina umbo lake ambalo jicho hulikumbuka.

Tangu hapo programu zimeendelea sana, na sifa ziende kwa waliozihangaikia. Mwaka 2011 Elaine Gould, mhariri wa Faber Music mjini London, alitoa Behind Bars, kitabu cha zaidi ya kurasa 600 kinachoeleza kila alama inakaa wapi na kwa nini. Mwaka 2013 kundi la Steinberg lililokuwa likiunda programu ya Dorico lilitoa fonti ya Bravura, nene na imara kwa makusudi, iliyochukua mfano wa bamba za zamani. MuseScore nayo ilipata fonti mpya mwaka 2021, ikaitwa Leland kwa heshima ya Leland Smith. Mengi ambayo zamani yalirekebishwa kwa kuvuta alama moja moja, sasa programu huyafanya yenyewe.

Hata hivyo programu haijui jambo moja: haijui mpigaji anahitaji kuona nini kwanza. Inajua kanuni, haijui mkono. Hapo ndipo kazi ya mtu inapoanza, na njia nzuri ya kuieleza ni kuufuata wimbo mmoja hadi mwisho.

Prelyudi moja, kurasa mbili

Chukua Prelyudi ya C meja inayofungua kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, ambacho Bach alikikamilisha mwaka 1722. Wanafunzi wa piano karibu wote hukutana nayo. Ina vipimo 35. Isipokuwa vichache vya mwisho, kila kipimo kina nusu mbili zinazofanana: mkono wa kushoto hupiga nota mbili na kuzishikilia, mkono wa kulia huongeza nota sita fupi. Kwa masikio ni wimbo mwepisi. Kwa mwandishi wa nota ni mtihani, kwa sababu sauti tatu huanza kwa kupokezana, kila moja na alama yake ya kimya au urefu wake.

Anza na ukubwa. Kwa piano, safu yenye kimo cha milimita 7, kutoka mstari wa kwanza hadi wa tano, husomeka vizuri kwenye stendi ya piano. Maana yake nafasi kati ya mstari na mstari ni milimita 1.75. Ukishuka chini ya milimita 6 unamlazimisha mpigaji ainame. Vitabu vya Henle vina ukurasa wa sentimita 23.5 kwa 31, mkubwa kuliko karatasi ya A4 tuliyozoea, ambayo ina milimita 210 kwa 297. Anayechapa kwenye A4 hukosa ile nafasi ya ziada, na kishawishi chake ni kupunguza nota. Asikikubali upesi. Apunguze kwanza pambizo na kichwa cha wimbo.

Sasa hesabu ya upana. A4 yenye pambizo za milimita 15 kila upande inabakiza milimita 180. Ondoa 12 za ufunguo na mabano ya mwanzo, zinabaki 168. Ukiweka vipimo vinne kwa kila jozi ya safu, kila kipimo kinapata milimita 42. Ndani yake kuna hatua 16 za nota fupi, kwa hiyo kila hatua inapata milimita 2.6, na kichwa cha nota peke yake kina upana wa milimita 2 hivi. Hapo nota zinasukumana. Ukiweka vipimo viwili kuna nafasi tele, lakini unahitaji jozi 18, yaani kurasa tatu, na mpigaji atageuza ukurasa katikati ya wimbo usio na hata kituo kimoja cha kuachia mkono. Vipimo vitatu vinaipa kila hatua milimita 3.5. Jozi 12, sita kwa kila ukurasa, na wimbo wote unakaa wazi mbele ya macho bila kugeuza kitu.

Vipimo 35 havigawanyiki kwa tatu, na programu ikiachwa itatupa vipimo viwili kwenye jozi ya mwisho na kuvivuta hadi pambizo. Kipimo cha 35 ni nota za kushikiliwa tu, hazihitaji nafasi kubwa, kwa hiyo kipimo cha 34 kitanyooshwa kupita kiasi, na umbali utasema uongo kuhusu muda. Suluhisho ni kulihamisha pengo hilo hadi mwanzo. Jozi ya kwanza, ambayo kwa desturi huingizwa ndani kidogo na hubeba alama ya mapigo, ipewe vipimo viwili. Jozi kumi zinazofuata zipewe vitatu vitatu. Ya mwisho ibaki na 33, 34 na 35. Kuna faida ya kimuziki pia: ni katika kipimo cha 33 ndipo mtindo wa kurudia nusu kwa nusu unavunjika na mkondo mmoja mrefu unaanza. Jicho linafika mwanzo wa jozi mpya pale hasa ambapo mkono unaanza kazi mpya.

Milimita 1.75

Tatizo la pili ni la wima. Katika kipimo cha kwanza, sauti ya kati ya mkono wa kushoto ni E iliyo juu ya safu ya chini, kwenye kistari cha pili cha ziada. Kijiti chake kinaelekea juu. Kijiti cha kawaida kina urefu wa nafasi tatu na nusu za mstari. Jumlisha na nafasi mbili za vistari vya ziada, ncha yake inafika milimita 9.6 juu ya safu. Wakati huohuo vijiti vya mkono wa kulia vinaelekea chini, na fito zake zinateremka milimita 3 hivi chini ya safu ya juu. Programu nyingi huacha takriban milimita 11 kati ya safu mbili za piano. Ncha na ufito vitagongana, au programu itasukuma safu zitengane katika jozi hiyo na kuziacha karibu katika jozi nyingine, hata ukurasa upoteze mwendo wake.

Unaweza kufungua pengo la milimita 14 kila mahali. Lakini fanya hesabu: safu mbili pamoja na pengo ni milimita 28, mara sita ni 168. Ukurasa wa kwanza, ukiondoa pambizo na kichwa cha wimbo, una milimita 247. Zinabaki 79 za kugawa katika mapengo matano kati ya jozi, chini kidogo ya 16 kila moja. Pengo la ndani ya jozi ni 14, la nje ni 16. Jicho haliwezi tena kuona kwa haraka ni safu zipi zinazokwenda pamoja.

Sasa fupisha kijiti cha sauti ya kati kwa nafasi moja tu, milimita 1.75. Wachonga bamba walifanya hivyo mara nyingi kwa vijiti vinavyotoka nje ya safu. Ncha inashuka hadi milimita 7.9. Pengo la milimita 12 linatosha, na kati ya jozi zinabaki zaidi ya milimita 18. Jozi sita zinasimama kama vitu sita tofauti, na mpigaji anajua bila kufikiri macho yake yaende wapi. Kwa kufupisha vijiti kwa upana wa nafasi moja, ukurasa wote umefunguka. Hii ndiyo sababu nasisitiza kwamba marekebisho madogo si ulimbwende. Haba na haba hujaza kibaba.

Angalia kipimo cha 6. Hapo F inapata shapu katika nusu ya kwanza, na katika nusu ya pili nota ileile inarudi bila alama, kwa kuwa shapu inadumu hadi mwisho wa kipimo. Programu inaitengea shapu nafasi, basi nusu ya kwanza inakuwa pana kuliko ya pili ingawa muda wake ni uleule. Tofauti ndogo inavumilika. Ikizidi, chukua kidogo kwa nota jirani za kushoto na kulia badala ya kuiacha nota moja ibebe pengo lote.

Fito nazo zinadai macho. Zile nota sita za mkono wa kulia zinaweza kufungwa kwa ufito mmoja, na hapo mpigaji anaona umbo zima la kidole kwa kidole. Zinaweza pia kugawanywa mbili na nne, na hapo anaona wazi mpigo wa pili unaanzia wapi. Kwa mwanafunzi napendelea mbili na nne, kwa sababu anayejifunza hupotea zaidi kwenye muda kuliko kwenye vidole. Vyovyote utakavyochagua, chagua mara moja na ushikilie hadi mwisho. Unene wa ufito ni nusu ya nafasi ya mstari, na ncha zake ziguse mstari wa safu: ziketi juu yake, zining'inie chini yake, au mstari upite katikati. Ufito unaoelea kati ya mistari huacha pembe ndogo nyeupe, na nakala ikitolewa mara ya pili au ya tatu kwa mashine, pembe hizo hujaa wino na nota zikawa doa.

Mwisho kabisa kuna lile lililowasumbua Waholanzi wetu. Vipimo vya prelyudi hii vyote vinafanana. Ukivipa upana uleule, mistari ya vipimo itajipanga kama nguzo kutoka juu hadi chini, na mpigaji aliyetazama vidole vyake hatajua arudi jozi ya tatu au ya nne. Basi usiilazimishe programu isawazishe vipimo. Acha penye shapu papanuke kidogo. Weka namba ya kipimo mwanzoni mwa kila jozi. Kwa mpangilio wetu namba hizo zitakuwa 3, 6, 9, 12 na kuendelea hadi 33, rahisi kushika kichwani, na rahisi kwa mwalimu kusema, "Rudi kumi na tano."

Kinanda na maneno

Kwetu Afrika Mashariki, nota nyingi za kompyuta hazichapwi kwa ajili ya piano ya ukumbini. Huchapwa kwa kwaya na kinanda chake. Watunzi wa nyimbo za kanisa nchini Tanzania na Kenya hukaa na kompyuta zao wenyewe, huandika sauti nne, hutoa PDF na kuisambaza kwa simu, na Jumapili inayofuata wimbo unasikika mkoa mwingine. Ni hazina kubwa, na inastahili kurasa zinazomtendea haki mpiga kinanda.

Mara nyingi mpiga kinanda hupewa ukurasa uleule wa waimbaji: soprano na alto kwenye safu ya juu, teno na besi kwenye safu ya chini, na maneno katikati. Beti zikiwa tatu au nne, maneno huzisukuma safu mbali hata mkono wa kulia na wa kushoto wa muziki mmoja huonekana kama nyimbo mbili. Na maneno huvuruga umbali. Silabi za Kiswahili hazilingani kwa upana: "i" ni kijiti tu, "ng'wa" ni herufi nne na alama juu. Programu hutanua nota ili silabi isigusane na jirani yake, basi nota mbili zenye muda sawa hutofautiana kwa upana kwa sababu ya tahajia. Mwimbaji hapati shida, maana neno analijua. Mpiga kinanda ndiye anayepotoshwa, kwa sababu yeye husoma muda kwa nafasi.

Waliokulia kwenye solfa wanalielewa hili haraka. Katika nota za herufi ambazo makwaya yetu yamezisoma kwa vizazi, mapigo hutenganishwa kwa nukta mbili, na mwandishi makini huzipanga nukta hizo kwa mafungu yanayolingana ili mwimbaji aone mpigo kabla ya kusoma herufi. Kanuni ni ileile.

Tiba ni kutenganisha kurasa. Andika wimbo mara moja, kisha toa nakala mbili kutoka faili moja: ya waimbaji yenye maneno yote, na ya kinanda isiyo na maneno, au yenye maneno machache ya mwanzo wa kila fungu juu ya safu ya juu ili mpigaji ajue walipo. Safu zikaribiane tena. Nota zipangwe kwa muda wake, si kwa tahajia. Kwenye sauti mbili za safu moja, vijiti vya sauti ya juu vielekee juu na vya sauti ya chini vielekee chini tangu mwanzo hadi mwisho. Na mistari ya safu isiwe myembamba kuliko milimita 0.2, maana nakala nyingi hizo zitasomwa kwenye taa hafifu ya ibada ya jioni, zikiwa zimepita mashine ya kutoa nakala zaidi ya mara moja.

Karatasi si skrini

Wapiga piano wengi sasa huweka kishikwambi kwenye stendi. Kifaa chenye skrini ya upana wa milimita 160 kikionyesha ukurasa wa A4, kila kitu hupungua hadi robo tatu ya ukubwa wake. Safu yako ya milimita 7 inakuwa 5.3, chini ya kiwango tulichokubaliana. Usimtumie mpigaji huyo PDF ya karatasi. Badilisha ukubwa wa ukurasa ndani ya programu, uache safu kwenye milimita 7, na upange upya mgawanyo wa vipimo. Kugeuza ukurasa kwenye skrini ni mguso mmoja wa kidole au wa pedali, kwa hiyo kurasa nne au tano haziogopeshi kama kwenye karatasi. Bado mguso huo uangukie penye kimya au penye nota ndefu.

Tunza pia faili zako kwa namna itakayodumu. Finale, iliyotumiwa na watunzi tangu 1988, ilitangazwa kufikia mwisho wake Agosti 2024, na watu wenye maktaba za miaka thelathini ndani yake ikabidi wahame. Kila wimbo uliokamilika uhifadhi pia kwa muundo wa MusicXML, ambao programu nyingine zinaweza kuufungua. Sehemu ya mapambo hupotea njiani, lakini nota zitabaki, na ukurasa mzuri unaweza kupangwa tena.

Hukumu ya mkono

Ukurasa haukaguliwi kwenye skrini ya kompyuta, ambako unaweza kuukuza hadi kichwa cha nota kiwe kikubwa kama yai. Uchape kwa ukubwa wake halisi, uweke kwenye stendi, ukae umbali wa mpigaji. Kwanza uangalie bila kusoma: je, wino umetawanyika sawa, au kuna madoa meusi na viwanja vitupu? Kisha upige polepole kwa mpigo usiobadilika, penseli ikiwa karibu. Kila mahali jicho linapokwama, weka alama, hata kama hujui sababu. Sababu utaipata baadaye: shapu inayogusa kijiti, upinde unaopita juu ya namba ya kidole, alama ya kimya iliyosukumwa nje ya safu yake.

Baada ya hapo umpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo. Wewe unaujua, kwa hiyo masikio yako husaidia macho yako bila ruhusa. Yeye ana karatasi tu. Akikosea mahali pamoja mara mbili, usimlaumu. Rudi kwenye faili.

Mafundi wa Leipzig hawakusaini bamba zao, na mpigaji aliyefaidi kazi yao hakujua majina yao. Lakini walijua kwamba kila nota waliyoisogeza kidogo kabisa ingepumzisha macho ya watu ambao hawangekutana nao kamwe. Programu imetupa nyundo, mihuri na bikari zao, na imetuondolea kuandika kinyume. Jukumu lao haikuweza kulichukua, kwa hiyo limetujia sisi. Anayechapa ukurasa wa piano anaamua, kwa niaba ya mtu mwingine, ni wapi macho yatatulia na ni wapi yatahangaika. Afanye uamuzi huo kwa makusudi, nota kwa nota, hadi ukurasa uache kuuliza maswali na mpigaji abaki na muziki peke yake.